Usiulize Kilomita, Uliza Fundi

Wapenzi wasikilizaji, wiki hii naomba mniwie radhi. Nimezoea kuwaletea mambo ya mabunge na mabaraza, lakini leo nitaanza na jambo la nyumbani kwangu ambalo limeninyima usingizi kwa siku kumi. Nataka kununua gari. Nikimaliza mtaona kwamba ni jambo la historia pia, tena historia yetu sote tuliopanda magari ya barabara ya Malindi.

Baba yangu anaishi Malindi. Amepita miaka sabini na mitano, na tangu mwaka juzi anatumia kiti cha magurudumu. Kila baada ya wiki mbili lazima afike kliniki hapa Mombasa. Kwenye matatu, kiti chake ni mzigo, na makondakta wengine wakikiona kutoka mbali hugeuza uso kana kwamba hawakumwona mtu. Teksi ya kukodi, kwenda na kurudi, inakula sehemu kubwa ya mshahara wa mtangazaji. Gari dogo la kawaida nalo halifai, kwa maana kiti hakiingii kwenye buti mpaka kivunjwe vipande. Ninachohitaji ni gari la mgongo mrefu, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, yaani stesheni wagoni.

Sacco yetu imekubali kunikopesha shilingi 500,000. Nikazunguka. Katika yadi moja ya hapa mjini niliona Toyota Probox nyeupe iliyoundwa mwaka 2017, imeshuka Kilindini juzi, mita yake inasoma kilomita 71,000. Bei ni shilingi 1,150,000. Kijana wa yadi aliniambia niweke amana, zilizobaki nitalipa polepole, na riba yake akaitaja kwa sauti ya chini. Siku ya pili rafiki yangu akanipeleka Kilifi kwa mwalimu mmoja mstaafu. Naye ana Probox, ya mwaka 2008, rangi ya fedha iliyofifia kwa jua. Anataka shilingi 480,000. Nilipochungulia dashibodi nikashtuka. Kilomita 318,000!

Jamani, kilomita 318,000 ni zaidi ya mara saba kuizunguka dunia yote. Nikajiuliza, mtu mwenye akili timamu atachukua mkopo wa miaka minne kununua chuma kilichoizunguka dunia mara saba?

Usiku ule nikampigia Baba simu. Sikumtajia bei wala rangi. Nilimwambia tu, "Baba, kuna gari Kilifi lakini limetembea sana, kilomita laki tatu na zaidi." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Fundi wake nani?"

Nikadhani hakunisikia, nikarudia hesabu ya kilomita. Naye akarudia swali lake, safari hii kwa ukali kidogo, "Nimekuuliza, mwanangu, fundi wake nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye historia.

Tuanze na jina lenyewe. Stesheni wagoni maana yake ni gari la stesheni, na stesheni inayosemwa ni ya reli. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, hoteli zilihitaji magari ya kuwapokea abiria pamoja na masanduku yao wanaposhuka kwenye treni. Mafundi seremala walichukua gari la kawaida, wakaling'oa mwili wa nyuma na kulijengea mwili wa mbao wenye nafasi ya watu na mizigo. Mwaka 1929 kampuni ya Ford ikaanza kuliuza gari la namna hiyo kama gari lake kamili, siyo kazi ya seremala tena. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, gari hili halikuwa la fahari. Lilikuwa la kazi, la kubeba watu wengi na vitu vyao, na kurudi kubeba wengine.

Kwetu Afrika Mashariki, gari hilo lilikuja kujulikana kwa jina la Kifaransa: Peugeot, au kama walivyosema wazee wetu, Pijo. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, na baada ya muda mfupi ikapata ndugu yake wa mgongo mrefu mwenye safu tatu za viti. Mwaka 1968 ikafuata Peugeot 504, na miaka michache baadaye 504 ya familia. Wale waliowahi kulala chini yake wakiwa na spana wanajua ilivyojengwa. Nyuma haikuwa na springi mbili kama magari mengine. Ilikuwa na nne, mbili kila upande, juu ya ekseli moja ya chuma iliyonyooka. Urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ulizidi ule wa 504 ya kawaida. Mfaransa aliyeichora huenda alifikiria familia inayokwenda likizo. Sisi tukaona gari la abiria saba, magunia mawili na kuku.

Na sifa yake haikuletwa na matangazo. Ililetwa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo Pasaka yenyewe kwa watoto waliosimama kando ya barabara kungoja vumbi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Aliyekuwa wa kwanza ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, tena kwa 404. Mwaka 1968 mvua ikageuza njia kuwa mito, yakaondoka magari 93, na kwa mara ya pili yakafika 7 peke yake. Nowicki na Cliff wakashinda tena, na gari lao lilikuwa lile lile la aina ya 404. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda kwa 504. Magari hayo hayakuwa stesheni wagoni, lakini yalikuwa ya ukoo mmoja nazo, na mwenye nia ya kununua teksi hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Hata hivyo, katika miaka hiyo kuna ushindi mmoja ambao unagusa moja kwa moja jambo langu la leo, na haukuwa wa Peugeot. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari kwa gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano yaliyotangulia, nao wakalichukua likiwa kuukuu. Viwanda vilileta magari mapya yanayong'aa, na gari lililotumika likawaacha nyuma. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu. Alikulia karakana, akajua kila msumari. Wanaotamani kusikia habari za bahati wasitafute hapa. Mtu alijua alichonunua, na akajua namna ya kukitunza.

Sasa turudi Pwani. Mwezi Juni mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya kampuni kubwa za mabasi, na biashara ya watu binafsi ikafunguka kote nchini. Mjini zilijaa pikapu zilizojengewa vibanda nyuma. Lakini kwa safari ndefu, Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, na hapa kwetu Mombasa kwenda Malindi, mfalme alikuwa Pijo ya viti saba. Haikuwa na saa ya kuondoka. Ikijaa, imeondoka. Ulilipa zaidi kidogo kuliko basi, ukafika mapema, na mbavu zako zikajua jirani yako ana mbavu ngapi.

Baba alikuwa dereva wa gari hilo kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi 1994. Halikuwa lake, mwenye gari alikuwa tajiri mmoja aliyekuwa na magari matatu. Nakumbuka kupanda naye siku za likizo, nimebanwa mbele kati yake na abiria, goti langu likigusa mkono wa gia uliokuwa kwenye usukani. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991 tulivuka kwa feri, na foleni ya feri ndiyo iliyokuwa karakana ya Baba. Abiria wakishuka kununua korosho na maembe, yeye alifungua boneti. Alitazama maji, akavuta kijiti cha oili na kukifuta kwa kitambaa alichokifunga kiunoni, akagusa mkanda wa feni kwa kidole. Kila safari, kila siku, hata kama alifanya hivyo asubuhi. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akasema gari halina mdomo.

Tufanye hesabu kidogo. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120. Dereva anayekwenda na kurudi mara mbili kwa siku hutembea kilomita 480. Siku sita kwa wiki, wiki hamsini kwa mwaka, anapata kilomita 144,000. Mita nyingi za magari ya zamani zilikuwa na tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 zilirudi kwenye sifuri na kuanza upya, kama mtoto mchanga. Maana yake, gari la Baba lilizaliwa upya karibu mara tatu katika kila miaka miwili! Ungemwuliza mtu wa stendi gari hili limetembea kilomita ngapi, angekucheka. Mita haikuwa na habari yoyote ya kukupa. Ndiyo sababu watu wa enzi ile walipouziana magari waliuliza jambo moja tu, nalo ni lile aliloniuliza mzee kwenye simu.

Sitaki mtu adhani ninapamba yaliyopita. Pijo zile ziliua watu pia. Gari la watu saba lilibeba kumi na wawili, wakati mwingine na mbuzi juu ya keria. Breki zilizotengenezwa kwa uzito fulani zilitakiwa zisimamishe uzito maradufu mteremkoni. Madereva waliendeshwa na hesabu ya tajiri, safari nyingi kadiri iwezekanavyo, na wapo wenzake Baba waliolala kwenye usukani wasiamke tena. Yeye mwenyewe hazungumzii sana mambo hayo. Matunzo ya fundi hayaokoi gari ambalo mwenyewe amekusudia kuliua.

Zilikwendaje Pijo zetu? Watu wengi husema zilizeeka. Mimi nasema ziliondolewa na mambo mawili. La kwanza ni abiria kuongezeka. Magari ya abiria kumi na wanne, tuliyoyaita nisani hata pale yalipokuwa Toyota, yalibeba mara mbili ya Pijo kwa dereva mmoja na kondakta mmoja. La pili ni soko kufunguliwa. Hadi hapo magari mengi mapya yaliunganishwa humu humu nchini, na 504 zenyewe ziliunganishwa hapa Mombasa, kazi iliyoendelea hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa 1993, serikali ilipolegeza leseni za kuagiza bidhaa na udhibiti wa fedha za kigeni, mlango wa Kilindini ukafunguka. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengi kutoka Japani, na Mfaransa hakuweza kushindana nayo kwa bei wala kwa vipuri.

Kwa nini Japani? Kwanza wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Pili, sheria yao ya ukaguzi ni kali na ina gharama. Gari la kawaida likiwa jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kila ukaguzi una ada na matengenezo yake. Mwenye gari akifika mahali akaona gharama haina maana tena, huliuza, na gari ambalo kwao limechosha huja kuwa harusi kwetu. Sheria ya hapa Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza, na ndiyo sababu ya haraka mnayoiona bandarini kila mwisho wa mwaka.

Katika mafuriko hayo ndimo ilimokuja Probox. Toyota waliitoa mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, na hawakuficha kwamba ni gari la kazi. Ilitengenezwa kwa mchuuzi wa Kijapani anayezunguka madukani na sampuli zake; ina hata kimeza cha kuvuta mbele ya dereva ili aandikie risiti zake au ale chakula chake cha mchana. Uzuri haina. Lakini sakafu yake ya nyuma ni bapa, mlango unafunguka juu, vipuri vyake viko kila soko, na fundi wa kijiji chochote ameshaifungua. Leo inabeba wanafunzi, nyanya, miraa, wagonjwa na maharusi. Inabeba pia watu wengi kuliko viti vyake, na inakimbizwa kupita kiasi, kama Pijo ilivyofanyiwa. Kwa kifupi, mjukuu amerithi kazi ya babu pamoja na mateso yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo mjukuu amerithi vibaya, nalo ni mita. Ile ya zamani ilijirudisha yenyewe kwenye sifuri, na kila mtu alijua, hivyo hakuna aliyedanganyika. Hii ya leo, ya tarakimu sita za taa, mtu mwenye kompyuta ndogo na waya anaweza kuirudisha nyuma kwa dakika chache, na mnunuzi akaamini. Laki mbili ikawa elfu sabini kabla ya chai. Sisemi yadi niliyoizuru ilifanya hivyo, sina ushahidi. Nasema tu kwamba nilipoomba kuona karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huandikwa kilomita na hali ya gari, na cheti cha kufutwa kwake kule lilikotoka, kijana aliniambia vimebaki ofisini Nairobi. Nikatazama kanyagio la breki. Mpira wake ulikuwa umelika ukingoni mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama kokwa la embe lililofyonzwa. Kilomita 71,000 hazifanyi hivyo kwa kawaida.

Kuna kisa cha Ugiriki ambacho napenda kukitaja hapa. Dereva wa teksi aitwaye Gregorios Sachinidis, wa mji wa Thessaloniki, alinunua Mercedes 240D ya mwaka 1976. Aliinunua mwaka 1981 ikiwa imekwisha tembea kilomita 220,000. Wengi wetu tungelikataa gari hilo. Yeye aliliendesha mpaka likafika kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 kampuni ya Mercedes ikalichukua na kuliweka katika makumbusho yake. Je, lilikuwa gari la muujiza? La hasha. Injini zake zilifunguliwa, zikatengenezwa na kubadilishwa mara nyingi. Alichokuwa nacho ni subira ya kutengeneza kabla ya kuharibika.

Basi nikarudi Kilifi, mara hii na fundi wetu wa mtaani, mtu mfupi asiyecheka, ambaye amenitoza shilingi 3,000 na akazistahili. Tulimwomba Mwalimu asiliwashe gari kabla hatujafika, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha maradhi. Ilipowaka ikiwa baridi, fundi alisimama nyuma kutazama moshi. Moshi wa buluu ungemaanisha inakula oili, na moshi mweupe usiokwisha ungemaanisha maji yanaingia pasipo pahala pake. Haukutoka wowote. Alilala chini ya gari nusu saa. Akagonga sakafu kutafuta kutu, kwa sababu huku kwetu bahari huyala magari kuliko barabara. Akakuta kutu kidogo chini ya mlango wa nyuma, oili inayovuja taratibu ubavuni mwa injini, na beringi ya tairi la nyuma kushoto inayolia.

Nikamwuliza Mwalimu swali la Baba, "Fundi wake nani?"

Mwalimu hakujibu kwa jina. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, la karatasi 96, jalada limeshikwa na gundi. Kila ukurasa una tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na bei. Oili kila baada ya kilomita 5,000. Plagi, breki, maji ya redieta, mpaka balbu. Mwaka 2020, wakati serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka kaunti za Mombasa na Kilifi kwa sababu ya korona, ameandika kwamba aliliwasha kila Jumamosi kwa robo saa ili betri isife. Mwandiko ni ule ule wa ubaoni.

Lakini fundi wangu, aliyekuwa akifunua taratibu kwa kidole chenye grisi, akasimama mahali. Ukurasa mmoja uliishia kilomita 198,000. Uliofuata ulianza na 221,000. Katikati, kilomita 23,000, hapakuwa na neno.

Tukamtazama Mwalimu. Naye akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema mwaka ule alimpa mwanawe gari afanyie biashara ya abiria, na kijana hakuandika kitu wala hakumwaga oili mpaka gari likalia. Alimnyang'anya, akalipeleka karakana, injini ikafunguliwa kwa gharama iliyomla akiba yake. Risiti hiyo ilikuwapo, imebandikwa kwenye ukurasa wa 221,000. Akasema, "Ningeweza kujaza hapo katikati, mwanangu. Kalamu ninayo. Lakini ingekuwa uongo."

Wapenzi wasikilizaji, nawaambia kweli, pengo lile ndilo lililonifanya niamini kurasa zote nyingine. Daftari lisilo na pengo hata moja ningelitilia shaka. Fundi akapima mgandamizo wa silinda zote nne, akasema zinalingana. Tukapitia rekodi ya NTSA tukaona jina ni la Mwalimu na hakuna deni juu ya gari. Tukapatana shilingi 430,000. Zile 70,000 zilizobaki katika mkopo sikuzigusa. Hizo ni za beringi, gasketi, matairi mawili, na yale nisiyoyajua bado. Nawashauri wanaonunua gari kuukuu wasimalize fedha zote siku ya kununua, kwa sababu gari la namna hiyo hununuliwa mara mbili: kwanza kwa mwenyewe, na mara ya pili kwa fundi.

Sitaki mtu atoke hapa akanunue gari bovu kwa kusingizia redio. Kilomita nyingi ni uchovu, na uchovu ni uchovu. Gari la laki tatu lisilo na historia ni kama mgeni aliyebisha hodi usiku bila jina. Kama Mwalimu asingekuwa na daftari, ningerudi Mombasa kwa matatu nikaendelea kukodi teksi. Ninachosema ni kwamba nambari ya kwenye dashibodi haitoshi kukataa gari wala kulikubali. Hiyo ni umri tu. Na wazee wa miaka themanini tunawajua wa aina mbili, wa kitandani na wa shambani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nalo Malindi. Baba alilizunguka lote kwa kiti chake bila kusema neno, akagonga boneti kwa vifundo vya vidole nami nikaifungua. Akaomba kitambaa. Kijiti cha oili kilikuwa mbali na mkono wake, nikamvutia, akakifuta, nikakichovya tena, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akauliza daftari liko wapi. Nikampa. Akanitaka na kalamu, akaandika tarehe, na chini yake kilomita: 318,412. Mbele yake akaandika, "Oili sawa."

Kiti cha magurudumu kiliingia nyuma bila kukunjwa. Tuliondoka saa moja asubuhi, tukapita daraja la Kilifi, na pale ilipokuwa foleni ya feri mzee akaniambia nisimamishe gari, nitazame maji.